Kura ya Bi Arusi wa Keshero

Goma, Keshero, tarehe 6 Mei 2023

Kwako Masenge Mukakalisa, shangazi yangu wa pekee,

Bwana Yesu asifiwe, na kisiwa chote cha Idjwi kiitikie! Mgongo wako unaendeleaje? Mananasi yameanza kuiva? Na yule mbuzi wako mwenye pembe moja, bado anatafuna nguo za majirani zilizoanikwa? Sisi huku ni wazima kabisa. Mama anakusalimu. Dada yangu Uwamariya amepanda darasa na anajiona profesa.

Nisamehe kwa kuchelewa kuandika. Si uvivu, Masenge. Kila nikikaa na kalamu, Ézéchiel anaingia, na akiingia sijui tena nilitaka kuandika nini. Ulinifundisha mambo mengi kabla ya arusi, lakini hukuniambia kwamba mtu anaweza kufurahi hivi kwa kusikia viatu vya mtu mwingine vikikwaruza mawe ya volkano mlangoni! Amepaka mlango wetu rangi ya bluu kwa sababu siku moja, tukiwa bado wachumba, nilisema napenda ziwa asubuhi. Mimi nilikuwa nimesahau. Yeye hakusahau. Anatoka kutengeneza simu za watu kule Birere, amechoka, na bado ananiuliza, "Rosette, leo ulicheka mara ngapi bila mimi?" Nakuandikia hili nikicheka peke yangu kama kichaa.

Papa mkwe wangu bado anakaa nasi hapa kwenye parseli, kiwanja hiki hiki, chumba cha jirani, tangu walipotoka Kibumba kwa sababu ya vita. Ng'ombe wamebaki huko, kama bado wapo. Asubuhi anavaa kofia yake, anatoa kiti chake nje, anasalimu wapita njia. Kule Kibumba watu wote walikuwa wakimwita Prezida, kwa sababu ya kazi yake ya chama. Hapa wanapita tu.

Naye namheshimu kama ulivyonifundisha. Jina lake halijatoka kinywani mwangu, hata siku moja. Juzi alikuja mtu na begi, akasimama mlangoni.

"Hapa ni kwa nani?"

"Ni kwa Papa."

"Papa nani?"

"Papa wa Ézéchiel."

"Ézéchiel wa nani sasa?"

"Ézéchiel wangu!"

Majirani walicheka mpaka mmoja akaketi chini. Mtu wa begi akaenda zake, na mpaka leo hatujui alitaka nini.

Sasa nikupe habari yenyewe. Masenge, mimi ni delege! Chama chetu kitafanya kongre, mkutano mkuu wa seksio, lile tawi la hapa Goma, tarehe 24 Juni, na wamama wa selule yetu ya Keshero wamenichagua mimi niende kuwapigia kura. Mimi, ambaye bado nasahau kutia chumvi kwenye maharagwe! Walisema, "Huyu ana diploma, ana sauti, na bado hana mutoto wa kumulilia mukutanoni." Tutapewa kikwembe, kitenge cha chama, kijani na njano. Nimeshaenda kwa fundi.

Wamama wanataka kitu kimoja tu. Mikutano ya seksio inafanyika jioni, kwenye baa, nyuma ya meza za bia. Mwanamke akionekana pale, kesho jina lake liko barabarani. Basi hatuendi, kila kitu kinaamuliwa bila sisi, kisha tunaitwa kuimba. Mama Jolie Munguakonkwa, yule anayeuza sambaza, wale samaki wadogo, bandarini Kituku, mwenye sauti kama honi ya boti, anagombea kuwa prezida wa seksio. Amesema akichaguliwa mikutano itakuwa Jumapili mchana, baada ya ibada, kwenye shule. Wamama wamenituma nimpigie kura yeye. Nimeapa mbele yao.

Nampa Adalbert barua hii, maana boti yake inatoka Kituku Jumatatu. Simu yako najua iko kabatini.

Mimi wako, Madamu Ézéchiel (nimependa kuliandika tu!),
Rosette


Idjwi, tarehe 20 Mei 2023

Rosette, binti ya kaka yangu,

Amani iwe kwako na kwa nyumba yako. Barua yako imefika ikinuka sambaza. Mgongo wangu upo. Mananasi bado. Mbuzi amekula shuka la mchungaji, tumeombana msamaha.

Nimefundisha shule ya msingi maisha yangu yote, na sijawahi kusoma karatasi moja yenye jina la Ézéchiel mara nyingi hivyo. Nafurahi. Lakini punguza, mwanangu, wengine tulifiwa na tunasoma barua peke yetu. Simu siiweki kabatini kwa ukaidi. Mtandao uko juu ya mlima na magoti yangu yako chini ya mlima.

Nimesikia habari ya kongre. Mambo ya vyama siyasemi, unanijua. Nakuuliza jambo moja tu. Umeniambia nani wamama wanamtaka. Hukuniambia nani mwingine anagombea. Seksio haikosi wanaume wenye kutaka kiti.

Yale niliyokufundisha chumbani kabla ya arusi nayarudia, kwa kuwa mtu mwenye furaha nyingi husahau. Kuhusu papa mkwe wako: jina lake usilitaje, si kwa sauti wala kwa kunong'ona. Hiyo ndiyo gutsinda, na mama yangu aliishika mpaka akazikwa. Usimnyooshee kidole. Usimpite mbele akiwa anakula. Habarurema ni mtu mwema. Nilimchunguza vizuri kabla hatujapokea ng'ombe wa mahari yako, na tangu hapo sijajuta. Mimi naweza kuliandika jina lake nipendavyo, kwa sababu si mkwe wangu.

Nakutumia kahawa kidogo. Usimnywishe Ézéchiel yote.

Shangazi yako,
Mukakalisa


Goma, Keshero, tarehe 3 Juni 2023

Masenge wangu,

Nakusalimu mbiombio! Kahawa imefika, asante sana. Ézéchiel amekunywa kikombe cha kwanza akafumba macho, akasema, "Shangazi yako akija hapa nitambeba mgongoni kutoka Kituku." Uwamariya alikuwa na malaria, sasa amepona, anakula kuliko sisi wote. Mvua imeleta tope jeusi mpaka kitandani. Hata tope nalipenda, mwaka huu napenda kila kitu.

Lakini uliniuliza swali, na sasa jibu limekuja lenyewe, limekaa mezani kwetu.

Jumanne tulikuwa tunakula ugali na lenga-lenga. Papa akaweka kijiko chini, akafuta midomo, akavaa kofia. Anakula bila kofia, Masenge, akiivaa jua kuna hotuba.

"Watoto wangu," akasema, "nimewaza. Nagombea."

"Unagombea nini, Papa?" Ézéchiel akauliza.

"Seksio. Prezida. Mimi tayari ni makamu wa seksio hapa, na kule Kibumba niliongoza watu vizuri. Hapa nimekuwa mutu wa kuhesabu magari yanayopita. Nataka niitwe tena na batu."

Ézéchiel aliruka kama ameshinda mpira! Akamkumbatia, akanigeukia na yale macho yake unayoyajua (sawa, huyajui, lakini ni mazuri), akasema, "Na kura ya kwanza tayari iko hapa nyumbani! Delege tunaye!"

Papa akaniangalia akatabasamu. Mimi nilijaza ugali mdomoni, ugali mwingi, ili nisiweze kujibu. Nilitafuna mpaka wakabadili mazungumzo.

Ni mtu mwema, hujakosea. Siku nilipougua tumbo alikaa mlangoni akiwafukuza watoto wasipige kelele. Lakini ndiye aliyezoea ile mikutano ya baa. Na cha kuchekesha, hanywi hata pombe! Anakaa katikati ya chupa za wenzake na kikombe chake cha maziwa ya mgando. Nilijaribu kumwambia kwa upole kwamba wamama hawafiki pale. Akasema, "Wamama? Lakini hakuna anayewakataza, mwanangu." Kweli, hakuna anayetukataza. Njo hivyo tu.

Mama Jolie amesikia. Jana nilimkuta Kituku, mikono yake imejaa magamba ya samaki, akanishika bega.

"Rosette, nimesikia bukwe wako ameingia."

"Ndiyo, Mama, Papa mkwe naye anagombea."

"Sikulazimishi. Lakini ukibadilisha, uje utuambie uso kwa uso, usitufiche. Tulikutuma weye."

Masenge, nifanyeje? Nikimpa Papa kura, nimewasaliti wamama walioniamini, na nitapita wapi nikienda kuchota maji? Nikimpa Mama Jolie, namnyima mzee jambo pekee analolitaka duniani, na Ézéchiel akijua, uso wake utabadilika. Sijawahi kuuona uso wake ukibadilika. Sitaki kuuona. Hatujagombana bado, hata kwa shuka.

Namshukuru Mungu kura ni ya siri, karatasi kwenye sanduku, hakuna atakayejua. Lakini mimi nitajua. Moyo wangu, nikuambie wewe tu, umeapa kwa Mama Jolie na bado uko huko huko.

Nijibu kabla ya tarehe 24. Adalbert ameahidi kuleta jibu, na yeye mwenyewe ni delege wa Kituku. Nijibu, tafadhali, hata mstari mmoja.

Wako anayengoja boti,
Rosette


Goma, Keshero, tarehe 26 Juni 2023

Masenge mpendwa,

Jibu lako halikufika. Nilikwenda Kituku Jumatano, nikaenda Alhamisi, nikaenda Ijumaa mpaka wavuvi wakaanza kuniuliza kama natafuta kazi. Hakuna. Basi nakusalimu wewe, mgongo, mbuzi na mchungaji, na nakuomba ukae chini, maana kongre imeisha na bado natetemeka kwa kicheko.

Asubuhi Ézéchiel alininyooshea kikwembe kwa pasi ya makaa. Yeye mwenyewe! Akasema nang'aa kama bendera. Tukaenda mimi na yeye na Papa kwenye pikipiki moja, Papa katikati na kofia yake, mimi nyuma nimekumbatia wote wawili. Ézéchiel si delege, basi akabaki nje kwenye ukuta wa mawe na wengine waliosindikiza, akanunua sambusa za kuningojea.

Ukumbi ulijaa. Ngoma, filimbi, vikwembe kijani na njano kila upande. Mtu mmoja akipiga kelele "Umoja!", wote tunajibu "Tuko!" na mabati yanalia. Nilijibu "Tuko!" hadi sauti ikakauka. Masenge, ni raha gani ile! Kukaa kwenye kiti chenye karatasi ya "delege" mbele yako, na wanaume wenye koti wanakuomba ruhusa ya kupita!

Aliyetumwa kutoka juu kuongoza kongre anaitwa Mulumeoderhwa, mtu wa Bukavu, mnene, mpole, na miwani inayoteleza puani. Akasoma majina ya wagombea wawili. Mama Jolie akapigiwa vigelegele. Papa akapigiwa ngoma. Kisha sanduku la kura likaletwa, na fujo ikaanza. Kijana mmoja akasema ameona karatasi ndani tayari, zimekunjwa. Mwingine akasema ni uongo. Mmoja akalitikisa sanduku sikioni kama redio mbovu. Watu wakasimama juu ya viti.

Hapo Papa akanyanyua mkono. Ukumbi ukatulia, maana watu wanamheshimu.

"Ndugu zangu," akasema, "sanduku hili la nini? Mimi sina kitu cha kuficha. Mama Jolie naye hana. Tuache karatasi. Kila mutu asimame mbele ya wenzake, aseme kwa mdomo. Anayenitaka mimi, aniite kwa jina langu!"

Wote wakapiga makofi! Mama Jolie akakubali. Mulumeoderhwa akapandisha miwani akasema imepitishwa. Papa akaketi, ameridhika sana, akaniangalia akanipa ishara ya kichwa.

Kisha nikaona ishara ile imekatika katikati. Nadhani ndipo alipokumbuka. Anayenitaka aniite kwa jina langu! Na mukazana wake, mke wa mwanawe, ameketi kwenye mstari wa tatu!

Wakaanza na watu wa mbali. Kila mmoja anasimama, anataja, anaketi, na katibu anachora ubaoni. Ubao ulikuwa unapanda sawa, huku na huku, kama watoto wawili wanaoshindana kwenye ngazi. Jasho lilinitoka mpaka kikwembe kipya kikanigandia mgongoni. Wakafika Keshero.

"Mama delege," Mulumeoderhwa akasema, "sema jina."

Nikasimama. Nikafungua mdomo. Nikaufunga.

"Mama, sema tu. Usiogope."

Nikatazama viatu vyangu.

Mama mmoja mzee wa Kibumba, nyuma, akapiga kelele, "Haweze kusema! Ule ni bukwe wake!"

"Nani ni bukwe wa nani?" Mulumeoderhwa akauliza.

"Muzee ni baba ya bwana yake! Munataka aseme jina ya bukwe mbele ya batu? Munataka ajiabishe?"

"Sasa muzee alitaka tuseme kwa mdomo kwa nini?"

"Muulize yeye!"

Masenge, ukumbi ulipasuka. Watu waliangua kicheko, wakapiga meza, mwenye ngoma akaanguka pamoja na ngoma yake. Mama Jolie alijifunika uso wote kwa kitambaa cha kichwa, mabega yakitikisika. Makelele yalikuwa mengi, kila mtu anashauri, huyu hivi, yule vile, siwezi kuandika kila kilichosemwa. Mwishowe nikavuta pumzi nikasema jina pekee ambalo mdomo wangu ulikuwa na ruhusa ya kulisema.

"Munguakonkwa Jolie."

Walipomaliza kuhesabu, Mama Jolie alimpita Papa kwa kura moja.

Moja!

Nilidhani nitakufa pale pale. Papa akasimama taratibu, akavua kofia. Nikafunga macho. Nikasikia kicheko. Alikuwa anacheka yeye, Masenge, anacheka mpaka machozi, akasema mbele ya wote, "Ndugu zangu, mimi mwenyewe nimejifungia nje ya nyumba yangu! Nimepoteza kiti, lakini mumeona mukazana niliyepewa? Mumeona malezi? Huyo aliyemfundisha yuko Idjwi, nitamshukuru kwa mkono wangu!"

Nje, Ézéchiel alikuwa ameshasikia kila kitu kupitia dirishani. Alinipa sambusa, akacheka na yeye, akasema, "Maskini Papa. Ungeweza kufanya nini?"

Nami nikajibu, "Kweli, ningeweza kufanya nini?"

Sambusa ilikuwa tamu sana. Sikuweza kuimaliza.

Nakupenda,
Rosette


Idjwi, tarehe 8 Julai 2023

Rosette,

Amani. Mgongo umetulia. Mananasi yameiva yote kwa wakati mmoja na watoto wa kijiji wamekuwa rafiki zangu.

Jibu la barua yako nililiandika katikati ya Juni. Nilimpa mke wa Adalbert, akaliweka chini ya kapu la mayai, likasahauliwa, likanirudia wiki iliyopita likiwa na ute. Usiniulize lilisema nini. Nimelitumia kuwashia moto wa chai, na chai ilikuwa nzuri.

Jumatatu boti imeniletea gunia zima la viazi, na kibao cha mbao kilichofungwa kamba kikiwa na maneno: "Kwa Mama Mukakalisa, aliyelea. Habarurema." Majirani wamekuja kutazama. Mchungaji amenisifu kanisani, amesema wamama wengine waige. Nimesimama, nimeinamisha kichwa, nimepokea sifa zako.

Adalbert mwenyewe ndiye aliyenibebea gunia. Alikaa akanywa chai, akanisimulia kongre tangu mwanzo. Alikuwa ameketi nyuma yako. Anasema yule mwenye miwani alipoelewa jambo la gutsinda, alikusemesha kwa sauti ya kusikika: "Basi mama, usitaje. Munyooshee mkono tu, tutaandika." Anasema ukumbi ulinyamaza ukikungoja, na ndipo ukataja jina la yule mama.

Nimeisoma barua yako tena. Hilo halimo.

Sikuulizi kura yako ilikuwa ya nani. Nilikuambia mambo ya vyama siyasemi. Lakini nimekula viazi vya mtu, Rosette, na ni vitamu, na ningependa nijue kama navila kwa haki.

Na jambo lingine. Sambusa isiyomalizika huanza kunuka ikiwekwa. Ézéchiel anajua?

Shangazi yako,
Mukakalisa


Goma, Keshero, tarehe 29 Julai 2023

Masenge, Masenge, Masenge!

Salamu kwa wote, hata Adalbert, mwenye masikio kama sufuria! Tuko wazima, tena zaidi ya wazima, utaona.

Kunyoosha mkono! Si wewe uliyeniandikia, "Usimnyooshee kidole"? Ninayo barua, naweza kukuletea!

Sawa. Nimecheka vya kutosha, sasa nakuambia. Mkono mzima si kidole. Ningeweza kuunyanyua kwa heshima, kiganja juu, kama mtu anayemkaribisha mgeni, na hakuna mzee hata mmoja angenilaumu. Nilijua. Ukumbi uliponyamaza niliwaona wale wamama wa Keshero wamejipanga dirishani, nje, wamebandika nyuso kwenye nondo, na mkono wangu ukabaki mahali ulipokuwa. Kura ilikuwa yangu, Masenge. Gutsinda ilinifungulia mlango tu, nikapita kwa miguu yangu. Viazi kula. Umenilea nisiseme uongo, na uongo sikuusema ukumbini. Niliusema kwenye sambusa.

Barua yako ilinikuta Jumamosi. Jumapili asubuhi Ézéchiel alikuwa ananipigia pasi kikwembe kile kile, kwa sababu ilikuwa siku ya mkutano wa kwanza wa Mama Jolie. Jumapili, saa tisa mchana, kwenye shule! Nikamwambia, "Weka pasi chini." Akaiweka. Nikamwambia yote. Wamama, kiapo, ule mkono.

Uso wake ulibadilika.

Niliuona, Masenge, ule uso niliokuwa naogopa. Akachukua pasi, akanyoosha pindo la chini, ambalo lilikuwa limeshanyooka. Halafu akasema, "Nilijua."

"Ulijuaje?"

"Asubuhi ya kongre ulikuwa unaimba. Mutu anayekwenda kumuchagua Papa yangu haimbe vile."

"Na hukuniuliza?"

"Nilikungoja. Iliniuma kidogo. Si kura. Iliniuma kwamba uliogopa kuniambia mimi."

Nililia, naye akanifuta machozi kwa kona ya kikwembe, na tukanusa moshi. Pasi! Ameunguza bendera yangu, tundu la ukubwa wa sahani, nyuma kabisa! Tulicheka mpaka Papa akagonga ukuta. Basi nilikwenda mkutanoni nimejifunga kitenge cha pili juu ya tundu. Ndio ugomvi wetu wa kwanza. Nimeuona, na ninaupenda na huo.

Sasa sikia mkutano. Wamama walijaa mpaka kwenye madirisha. Wengine wananyonyesha, wengine wanachambua mboga, na wote wanaongea! Na nani alifika wa kwanza? Papa! Amebeba kiti chake mwenyewe kutoka nyumbani, kichwani, na kikombe cha maziwa ya mgando mkononi. Akakaa pembeni kimya. Watu wakampita tu, kama kule mlangoni kwetu.

Sikuweza kuvumilia. Mama Jolie alipouliza kama kuna mapendekezo, nilisimama.

"Mama Prezida, seksio yetu haina prezida wa heshima. Napendekeza mzee aliye hapa leo, aliyekuja na kiti chake kichwani."

Kicheko, kisha makofi, kisha ngoma! Mama Jolie alipitisha kabla sijaketi, kwa ile honi yake: "Prezida wa heshima, simama tukuone!" Papa akasimama, akavaa kofia. Tangu siku ile, Masenge, akikaa mlangoni asubuhi, watu wanapita wanasema, "Prezida, umeamka?" Wauza mkaa, watoto wa shule, hata waendesha chukudu, zile baiskeli za mbao, wenye mizigo ya viazi wanapunguza mwendo kumsalimu. Anajibu wote.

Tukirudi nyumbani siku ile, Ézéchiel alibeba kiti akatangulia. Mimi nilibaki nyuma na Papa, mwendo wa taratibu juu ya mawe. Akakohoa.

"Mwanangu."

"Papa."

"Leo umenitaja mbele ya watu wote, na jina langu hukulitaja."

"Ndiyo, Papa."

"Vizuri sana. Hata mwenye miwani angeelewa." Akatembea kidogo. "Sasa ile siku ya kongre, hiyo akili ilikuwa imekwenda wapi?"

Masenge, nilijifunika uso wote kwa kile kitenge cha pili, nikabaki na tundu la pasi nje, linaonekana na mtaa mzima! Papa akatazama tundu, akatazama juu, akacheka kile kicheko chake cha ukumbini. Kisha akasema, "Mara nyingine nitaomba karatasi."

Akanishika mkono tuvuke mfereji.

Na kuna jambo jingine, ambalo linafanya maharagwe yaninukie vibaya tangu wiki mbili, lakini hilo nitakuambia ukija. Njoo haraka.

Mimi wako,
Rosette


Idjwi, tarehe 12 Agosti 2023

Rosette, mwanangu,

Amani kwako, na kwa hayo maharagwe. Nimeelewa. Nimefunga mzigo. Mbuzi anakaa kwa mchungaji, ni haki yake.

Viazi vilivyobaki nimevila leo, na nimeongeza chumvi kwa furaha.

Ile barua niliyoichoma, sasa naweza kukuambia mstari mmoja wake, ule wa mwisho: nilikuwa nimeandika kwamba masanduku ya kura huvurugika, na mkilazimishwa kuchagua hadharani, kunyanyua mkono mzima kunaruhusiwa. Kwa hiyo ni vizuri ilikaa chini ya mayai.

Nakuja na boti ya Adalbert Jumatatu. Mwambie Ézéchiel hanibebi mgongoni, abebe mananasi. Na mwambie Habarurema, au mwambie kwa njia yako hiyo ya viti, kwamba nataka kukutana naye nimshukuru. Siku chama chenu kikipiga kura tena kwa mdomo, mniite. Mimi si mukazana wa mtu yeyote Goma. Nitasimama kando yako, nitakutamkia jina lolote utakalo, kwa sauti ya mwalimu.

Ila safari hiyo uninong'oneze kwanza ni lipi.

Shangazi yako anayekuja,
Mukakalisa